Kutoka klipu za simu hadi kuandika na kuigiza vichekesho vya televisheni: njia ikoje hapa Dar?

Chale wa Tandika

Wakuu, habari za jioni.

Tuko wanne, wanaume wawili na wanawake wawili, tunaishi Tandika. Tunatengeneza klipu za vichekesho za dakika moja, dakika moja na nusu, na zinatazamwa vizuri. Tunataka kufika kwenye kipindi cha televisheni cha nusu saa. Mimi hasa nataka niwe mwandishi na mwigizaji kwa pamoja, nisiwe mtu wa kupigiwa simu siku ya kurekodi tu.

Yanayotukwamisha ni haya. Kwanza, hatuandiki. Tunaelewana kwa mdomo, tunawasha kamera. Klipu fupi inatoka safi, lakini tukivuta kichekesho kifike dakika nne kinapoa katikati. Tunakosea wapi? Pili, mmoja anatuambia kituo kinanunua kipindi, mwingine anasema wewe ndiye unayekilipa kituo. Ipi ni ipi? Tatu, tuna mhusika anaitwa Bibi Riba, anakopesha hela mtaa mzima. Watu wameshaanza kumwita mwenzetu kwa jina hilo barabarani. Tukiingia kituoni na huyo bibi, anabaki kuwa wetu?

Naomba majibu ya kina, hata yakiwa marefu.

---

Bi Mswada

Mdogo wangu, nianze na hizo dakika nne, maana hapo ndipo vikundi vingi vinapozama, na kamera nzuri haiwaokoi.

Klipu ya sekunde 60 inabebwa na panchi moja, yaani mstari au tendo la mwisho linalochekesha. Mnaandaa, mnapiga, mnakata. Mkiivuta ifike dakika nne bila kubadilisha kitu, mnachorefusha ni safari ya kwenda kwenye panchi ileile, na mtazamaji ameshaiona kwa mbali. Kichekesho cha televisheni kinataka kioja kimoja, yaani jambo moja la ajabu linalokibeba chote, kimoja tu, halafu kioja hicho kipande ngazi. Ngazi tatu ndiyo kima cha chini. Kila ngazi iwaweke wahusika pabaya kuliko ile ya nyuma, na wasiweze kurudi.

Chukulia kikao cha kamati ya harusi, ghorofani kwenye baa, Sinza. Kioja: kamati inajali bajeti kuliko ndoa yenyewe. Bwana harusi anasimama anataka kusema neno. Mwenyekiti anamkalisha: ajenda iliyopo ni vinywaji, mambo ya wanandoa yatakuja kwenye mengineyo. Hiyo ndiyo ngazi ya kwanza, na iwe imeonekana ndani ya sekunde 30. Ngazi ya pili, bwana harusi anapata upenyo, anasema bibi harusi ameghairi. Kimya. Mhazini anauliza, "Ameghairi kabla au baada ya upande wao kuleta mchango?" Ngazi ya tatu, mjumbe wa ukumbi anakumbusha kwamba advansi ya ukumbi hairudi. Hoja inatolewa, inaungwa mkono: tarehe ibaki palepale, atafutwe bibi harusi mwingine anayeenea kwenye gauni lililokwisha kukodiwa. Wajumbe wanaanza kutaja binamu zao, katibu anadai majina yapitie kwake kwa maandishi. Mstari wa kufungia, mwenyekiti anamgeukia bwana harusi: "Na wewe ahadi yako ya laki mbili hujaimalizia." Kata.

Hapo hakuna mtu anayejitahidi kuchekesha. Wajumbe wote wana sababu, na sababu zao ni za kweli kabisa kwa mtu aliyewahi kukaa kwenye vikao vya Dar. Mwenye akili timamu ni mmoja, bwana harusi, na yeye anasimama badala ya mtazamaji. Mkiwafanya wote wanne vichaa, mtazamaji hana pa kusimama, na hilo ndilo kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote kwenye skripti za vikundi vichanga. La pili ni kuongeza kioja juu ya kioja. Mtu anaona kikao kimepoa, anamwingiza mlevi, halafu mpiga picha mwenye kigugumizi. Kila anayeingia anaanza kichekesho chake mwenyewe, na cha kwanza kinafia hapo. Kikipoa, ujue ngazi ya pili ni sawa na ya kwanza. Rekebisheni ngazi.

Kuhusu kuandika. Ukurasa mmoja wa skripti, herufi za Courier saizi 12, hukadiriwa dakika moja hewani. Majibizano ya haraka ya kwetu hukimbia zaidi, kwa hiyo someni kwa sauti huku mmoja ameshika saa. Juu ya tukio andikeni NDANI au NJE, mahali, na MCHANA au USIKU. Jina la mhusika kwa herufi kubwa, maneno yake chini. Maelezo ya vitendo yasizidi mistari mitatu mfululizo. Msiandike "anaongea kwa kuchekesha". Andikeni anachofanya: anahesabu vizibo vya soda wakati mwenzake analia.

Sasa hesabu, maana ndiyo inayotenganisha klipu na kipindi. Nusu saa ya televisheni, ukitoa matangazo, ni dakika 22 hadi 24. Hapo vinakaa vichekesho sita. Msimu wa robo mwaka ni vipindi 13, yaani vichekesho 78. Chumba cha waandishi chenye afya hupitisha kimoja kati ya vitatu vilivyoandikwa. Kwa hiyo mnahitaji rasimu 234. Mkiwa wanne na mna wiki 12, kila mtu anaandika karibu vitano kwa wiki. Andikeni rasimu 60 kabla hamjaenda kugonga mlango wa kituo chochote. Msipofanya hivyo mtaingia hewani, wiki ya tano mtaanza kurudia, wiki ya nane mtaanza kutukana ili watu wacheke.

Kile kipindi cha Marekani cha Saturday Night Live, kilichoanza Oktoba 1975, kinajulikana kwa ratiba yake: Jumatatu wanarusha mawazo, Jumanne wanaandika mpaka alfajiri, Jumatano wanasoma mezani vichekesho takriban 40, vingi vinakufa hapohapo, vingine vinakatwa Jumamosi jioni baada ya mazoezi mbele ya watazamaji. Nyie hamhitaji kasi hiyo kwa sababu hamtakuwa mubashara. Kinachofaa kuchukuliwa ni kule kusoma mezani. Mtu asisome kichekesho alichokiandika mwenyewe, asome mwenzake. Mwandishi anyamaze, aweke alama pale watu walipocheka, na alama nyingine pale alipotegemea wacheke na hawakucheka. Mwandishi akianza kueleza, kichekesho kimeshafeli.

---

Fundi wa Jukwaa

Nakubaliana na Bi Mswada kwenye ngazi, ila naomba niwatetee hawa vijana kwenye hilo la kuelewana kwa mdomo. Msilitupe.

Kichekesho cha kwetu kilikuwepo kabla ya televisheni. Televisheni ya Bara imeanza 1994. Kabla na baada ya hapo, kwenye maonyesho ya vikundi vya sanaa kama Muungano na baadaye TOT (Tanzania One Theatre), kichekesho kilikuwa na nafasi yake katikati ya ngoma, sarakasi, igizo na taarab. Wasanii walijua fremu ya hadithi, maneno waliyajaza wenyewe mbele ya watu, wakisikiliza ukumbi. Marehemu King Majuto alikuwa fundi mkubwa wa namna hiyo. Ukimwandikia mtu wa aina ile kila neno, unamfunga kamba.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Andikeni fremu nusu ukurasa: nani, wapi, kila mmoja anataka nini, kioja ni kipi, kinaishaje. Igizeni mara tatu bila kusimama, simu inarekodi sauti. Mara ya kwanza hutoka maneno ya kawaida, ya pili hutoka ya ajabu, ya tatu mnaanza kujirudia. Chukueni rekodi, mmoja aandike maneno yote kama yalivyo, halafu mkate theluthi moja. Hicho ndicho kinakuwa skripti. Second City, ukumbi na kikundi cha vichekesho cha Chicago kilichoanza 1959, kimelea watu wengi kwa njia hiyohiyo: wanabuni papo hapo mbele ya watazamaji, kinachofanya kazi kinawekwa kwenye onyesho.

Kuhusu kujaribu mbele ya watu: watu 15 wasio ndugu wala marafiki wanatosha. Ndugu hucheka kwa sababu wanakupenda, na wanakuharibia kipimo. Nafasi Art Space pale Mikocheni ni mahali ambapo wasanii wa fani mbalimbali wanakutana, ulizeni ratiba yao. Anayetaka kusoma kabisa, kuna TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo, na kuna Idara ya Sanaa Bunifu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Majukwaa ya mchekeshaji mmoja kama Cheka Tu yanafundisha kusubiri kicheko, lakini ni kazi tofauti. Pale unazungumza na ukumbi, kwenye kichekesho cha kuigiza unazungumza na mwenzako na ukumbi haupo.

Kusubiri kicheko nako kuna namna yake. Kicheko kikipanda, nyamaza. Kikishuka nusu, toa mstari unaofuata. Ukisubiri kiishe kabisa umeupoteza mwendo, ukikanyaga juu yake watu watajizuia kucheka ili wakusikie. Mnaporekodi bila watazamaji msiache nafasi za vicheko, mhariri atazikata zote na itaonekana mnaongea kwa kudokoa.

---

Meza ya Mikataba

Kijana, swali lako la pili na la tatu ni swali moja, kwa sababu anayelipa ndiye anayemiliki, isipokuwa karatasi iseme vingine.

Wote wawili waliokueleza wako sahihi. Kuna njia tatu. Ya kwanza, kituo kinaagiza: kinalipia utengenezaji, na kwa kawaida kinataka kumiliki kila kitu. Ya pili, kituo kinanunua haki ya kurusha kwa muda: mnatengeneza kwa gharama zenu, kipindi ni chenu, wao wanarusha mara mlizokubaliana. Ya tatu, mnanunua muda wa hewani, mnatafuta mdhamini, na faida au hasara ni yenu. Kuna pia mchanganyiko, ambapo kituo kinatoa muda bure na mnagawana fedha za matangazo. Chaneli za kulipia kama Maisha Magic Bongo ya DStv na Sinema Zetu ya Azam zimezoea njia mbili za kwanza. Vituo vya bure vingi mtakutana navyo kwenye ya tatu. Njia ya tatu inaua vikundi kwa sababu moja: mdhamini hulipa baada ya vipindi kuruka, lakini muda wa hewani na mafuta ya jenereta vinalipwa leo. Msiingie bila fedha za vipindi vinne mkononi, na viwe vimeshahaririwa.

Sasa huyo Bibi Riba. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya 1999, hailindi wazo. "Bibi anayekopesha hela" ni wazo, mtu yeyote kesho anaweza kuwa naye. Kinacholindwa ni kazi iliyowekwa katika umbo: skripti, rekodi, maneno yenyewe. Kwa hiyo mkimwacha Bibi Riba akae mdomoni tu, hamna mnachoweza kukionyesha zaidi ya klipu. Andikeni maelezo yake ukurasa mmoja au miwili, unganisheni na skripti zake, pelekeni COSOTA, ofisi ya hakimiliki, mkasajili. Usajili hauiumbi haki, ila siku ya ugomvi unakuwa na karatasi yenye tarehe.

Mfano unaojulikana na wote ni Ze Comedy. Akina Joti, Masanja, Mpoki, Wakuvanga, Mac Regan na Vengu walijulikana nchi nzima kwa jina hilo wakiwa EATV. Walipokwenda TBC1 hawakuendelea na jina lile, wakawa Orijino Komedi. Watu waliwafuata kwa sababu walikuwa wanawajua wao na wahusika wao, na hiyo ni bahati ambayo kikundi cha wanne kutoka Tandika hakiwezi kuitegemea. Jina la kipindi na majina ya wahusika yaandikwe kwenye mkataba, mstari wake wenyewe, kwamba ni ya nani mkataba ukiisha.

Vipengele vingine msivyoviruka: idadi ya marudio, kama kituo kinaruhusiwa kuweka YouTube na nani anachukua mapato ya huko, nchi zipi, muda, kwa mfano miaka miwili, neno "milele" likataeni, siku ya malipo, mathalani siku 30 tangu kukabidhi faili, isiwe "baada ya mdhamini kulipa", na jina la mwandishi kwenye orodha ya mwisho. Ada ya uandishi itenganishwe na ada ya kuigiza, hata kama mtu ni yuleyule. Ukiunganisha, siku ukiumwa usiigize, unapoteza na fedha ya skripti uliyoiandika. Mwaka 2018, King Majuto akiwa anaugua, mikataba yake ya matangazo ikawa suala la wizara nzima. Msanii mkubwa kiasi kile. Someni mkataba mkiwa wazima na mna muda, na mpelekeeni wakili kabla ya kusaini.

Halafu andikianeni nyie wenyewe wanne. Mwenzenu anayeigiza Bibi Riba akiolewa akahamia Mwanza, bibi anaondoka naye au anabaki? Aliyeandika analipwa kila mhusika akitumiwa, au mara moja? Karatasi mbili, saini nne, shahidi wa serikali ya mtaa. Vikundi vingi huvunjwa na swali hili, mapema kuliko kituo kinavyoweza kuvivunja.

Mkilipwa kama watoa huduma, mlipaji anakata kodi ya zuio asilimia 5 kabla ya kuwapa. Daini cheti cha makato hayo, mtakihitaji TRA. Kila mmoja awe na TIN.

Kuhusu maisha ya kazi yenyewe, maana umesema unataka kuandika na kuigiza: shika hilo kwa mikono miwili. Mwigizaji pekee anasubiri kuitwa. Tina Fey aliingia Saturday Night Live mwaka 1997 kama mwandishi, mwaka 1999 akawa mkuu wa waandishi, na alianza kuonekana kila wiki kwenye kioo mwaka 2000. Wale Waingereza wa Monty Python, kabla ya kupata kipindi chao BBC mwaka 1969, walikuwa wakiandikia vipindi vya watu wengine, na hata walipokuwa pamoja waliandika kwa makundi: Cleese na Chapman, Palin na Jones, Idle peke yake. Jordan Peele alitoka kwenye vichekesho vya televisheni, mwaka 2018 akachukua Oscar ya skripti. Kwetu nako angalieni Joti alivyoingia kwenye matangazo, au Masanja alivyokwenda kwenye Injili. Mhusika hufungua mlango, lakini kazi ya kila mwezi kwa mwandishi wa hapa iko kwenye vitu visivyoonekana sana: matangazo ya redio ya sekunde 30, ambayo yanabeba kama maneno 60 ya Kiswahili na hayasamehi neno la ziada, maigizo ya kampeni za afya, mazungumzo ya tamthilia, maneno ya MC. Andika hivyo vyote. Vinafundisha kukata.

---

Chale wa Tandika

Nashukuru sana wakuu. Fremu ya nusu ukurasa tunaianza wiki hii, na nimeshawaambia wenzangu kuhusu hizo rasimu 60, mmoja amenuna.

Nina mawili. Bibi Riba tunamtumia kila wiki kwenye klipu, je, kwenye kipindi awe kila kipindi? Na sauti yetu ni mbaya, tunarekodi kwa simu, kila tunachojaribu feni na bodaboda vinasikika kuliko sisi.

---

Bumu na Kebo

Sauti nijibu mimi.

Kwenye vichekesho sauti ni muhimu kuliko picha. Mtu asiposikia neno la mwisho la panchi, hakuna panchi. Maiki ya simu iko mita mbili kutoka mdomoni na inachukua chumba kizima. Tafuteni maiki ya bumu, ile ya kwenye mti mrefu, na mtu wa kuishika, ikae juu ya kichwa cha anayeongea, nusu mita hadi sentimita 80, nje kidogo ya fremu, imeelekezwa kifuani. Maiki ndogo za kubana kwenye nguo zinafaa mkiwa barabarani, lakini kanga mpya na mtandio vinakwaruza. Ibaneni kwa plasta pande mbili, kitambaa kisicheze juu yake. Coco Beach na kwenye pantoni wekeni manyoya ya kuzuia upepo, sponji peke yake haitoshi.

Feni izimwe, friji izimwe, na ufunguo wa gari wa mwenye nyumba uwekeni ndani ya friji, hamtasahau kuiwasha tena mkiondoka. Simu zote hali ya ndege. Kiyoyozi zimeni wakati wa kurekodi, washeni kati ya tukio na tukio, la sivyo vipodozi vinayeyuka. Nyumba ya bati msitumie msimu wa masika. Kabla ya kutoka kila lokesheni rekodini sekunde 30 za ukimya wa chumba kile, mhariri atazihitaji kuziba matundu. Ratiba ijue saa za adhana za msikiti wa jirani. Msipambane nayo, ndiyo muda wa kula. Bodaboda hamuwezi kuzizuia, kwa hiyo chagueni chumba cha nyuma, tundikeni mablanketi mazito dirishani na nyuma ya kamera.

Kiwango: vilele vya sauti viguse dB -12, visipite -6. Na kwenye picha, umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo rekodini fremu 25 kwa sekunde, kasi ya shata 1/50 ya sekunde. Mkiacha simu kwenye fremu 30, taa za tyubu zitawayawaya.

---

Bi Mswada

Kuhusu bibi: hapana, asiwe kila kipindi. Kipindi kimoja ndiyo, kinachofuata hapana. Kwenye simu mtu anamtafuta mwenyewe, kwenye televisheni anamkuta sebuleni bila kumwita, na watoto wakishajua kauli yake ya kufungia watamaliza kabla yake.

Na kila anaporudi, jambo moja libaki, jambo moja libadilike. Kinachobaki ni anachotaka: hela yake, leo. Kinachobadilika ni mahali ambapo kudai hakustahili. Anadai zahanati, mdaiwa amelala na dripu. Anadai kwenye kipaimara. Anamdai mjumbe aliyekuja kusuluhisha deni jingine. Halafu siku moja mgeuzieni kibao, yeye ndiye anayedaiwa, na kikoba. Hapo ndipo mtajua kama mna mhusika au mna kanga na fimbo. Kwenye ule ukurasa wake andikeni pia anachokiogopa na asichoweza kukifanya hata kwa hela. Mhusika asiye na hofu hana ngazi ya tatu.

Angalieni pia anayemwigiza asizeeshe sauti tu. Bibi ana mwendo, ana namna ya kukaa kwenye mkeka, ana namna ya kusikiliza asichotaka kusikia. Joti anapoigiza bibi au mtoto, tazameni bila sauti. Bado unajua ni nani.

---

Meza ya Mikataba

Naongeza machache ya vibali na kifurushi, nisije nikawaacha njiani.

Kibali cha kupiga filamu kinatoka Bodi ya Filamu. Mtaani mnatoa taarifa serikali ya mtaa, na stendi, vituo vya mwendokasi na kivukoni kila pahala kuna mwenye mamlaka wake, mwombeni kwa barua mapema. Sare za polisi na za jeshi msivae bila ruhusa ya maandishi, hata kwa sekunde tano. Mlinzi wa kampuni ya kubuni, mwenye nembo mliyochora wenyewe, anachekesha vilevile. Skripti inayomgusa kiongozi aliye madarakani ipitie kwa mwanasheria wa kituo kabla ya kurekodi, maana kituo ndicho kitakachoitwa na TCRA, mamlaka inayosimamia utangazaji, na kikiitwa mara moja kitawakata nyie.

Rekodini kwa lokesheni, si kwa kipindi. Skripti zote za sebuleni za vipindi vinne, siku moja. Kwa kamera moja na kikundi kilichofanya mazoezi, kurasa nane kwa siku zinawezekana. Kumi na mbili mtaanza kukubali tukio bovu kwa sababu jua linazama. Mazoezi ya kuzunguka na kukaa myamalize kambini, siku moja kabla.

Kifurushi cha kupeleka kituoni: maelezo ya kipindi ukurasa mmoja, nani atakitazama na saa ngapi, ukurasa wa kila mhusika mkuu, skripti sita zilizokamilika, yaani kipindi kizima, kipindi kimoja cha majaribio cha dakika 22, au kama fedha haitoshi vichekesho vitatu bora, bajeti ya kipindi kimoja na ya msimu, orodha ya vichwa vya vichekesho vilivyobaki ili waone hamtaishiwa. Klipu za mtandaoni waonyesheni mwisho, kama ushahidi wa watazamaji. Msitume kifurushi bila kuweka nakala mnayoweza kuithibitisha tarehe, na mpelekeni aliyeandika akakitetee, siyo anayechekesha zaidi.

Faili la kukabidhi, kwa kawaida 1920 kwa 1080, fremu 25, na sauti iliyosawazishwa LUFS -23 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti unavyosikika) kama kituo kinafuata kipimo cha Ulaya. Muulizeni injinia wao kabla mhariri hajaanza, kwa sababu faili likikataliwa Alhamisi na kipindi ni Ijumaa, mtahariri upya usiku kwa haraka na makosa yote yatakwenda hewani na majina yenu.